Nguruwe anafuga samaki, daktari anakuja nyumbani kwa mafua: Maswali ya Peppa Pig yanayomhusu mzazi

Mwezi Mei mwaka 2025, familia ya Peppa Pig, nguruwe wa katuni anayejulikana karibu dunia nzima, ilipata mtoto wa tatu. Anaitwa Evie, na vyombo vya habari vya Uingereza, nchi inakotengenezwa katuni hiyo, vilitangaza habari zake kama habari ya mtoto wa kweli. Lakini hapo kuna jambo la ajabu. Mama amebeba mimba na kujifungua, ila Peppa mwenyewe haongezi umri. Alianza kuonekana Mei 2004 akiwa mtoto wa miaka 4 hivi, na leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, bado yuko chekechea. Mtoto aliyemtazama mwaka ule sasa anaweza kuwa na mtoto wake mwenyewe anayemtazama Peppa yuleyule.

Kwa nini tunaandika habari za katuni kwenye ukurasa ambao kwa kawaida huzungumzia bei ya mahindi na mvua za vuli? Kwa sababu katuni hizi zimeshafika vijijini, na hazikungoja televisheni. Zinafika kwa memori kadi iliyojazwa video kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa bando la mjomba aliyekuja likizo, kwa simu ambayo mama anampa mtoto ili apate nafasi ya kusonga ugali. Mtoto anatazama, kisha anauliza. Na maswali ya watoto kuhusu katuni hii si ya kijinga hata kidogo.

Tunajua zipo nyumba, hasa za Waislamu, ambako nguruwe huyu hakaribishwi hata kwenye kioo cha simu. Huo ni uamuzi wa nyumba husika. Hapa tunazungumza na wale ambao watoto wao wanamtazama tayari, iwe nyumbani au kwa jirani.

Wanyama wanaofuga wanyama

Tuanze na maswali yanayochekesha. Katika nchi ya Peppa, wanyama ndio watu. Nguruwe wanaendesha gari, swala ni mwalimu, dubu ni daktari, ng'ombe dume anachimba barabara. Sawa, hata hadithi zetu za sungura na fisi ziko hivyo. Lakini Peppa anafuga samaki anayeitwa Goldie. Samaki huyo akionekana hana raha, anapandishwa basi na kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Daktari wa mifugo ni nani? Ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, Dokta Hamster, ambaye naye anafuga kobe. Bibi na babu wa Peppa wana kuku wa kawaida kabisa, wanaotaga mayai na kulia kikuku, na wana kasuku asiyejua kusema ila kwa kuiga.

Sasa mtoto wa mfugaji, anayeamka alfajiri kufungulia mbuzi, lazima aulize: kwa nini kondoo anaitwa Suzy na anakwenda shule, lakini kuku anakaa bandani? Nani aliamua? Mbweha na sungura wanacheza pamoja mchana kutwa na hakuna anayekimbia. Tembo analingana kimo na farasi.

Halafu kuna Miss Rabbit. Huyu bibi sungura anaendesha basi, anapokea pesa dukani, anauza aiskrimu, anafanya kazi maktaba, na mtu akikwama anakuja kumwokoa kwa helikopta. Mji mzima unategemea mfanyakazi mmoja. Msikilizaji aliyewahi kukuta zahanati yenye mhudumu mmoja anayesajili wagonjwa, anayepima, anayechoma sindano na kufagia, huenda asione kasoro yoyote hapo.

Majibu ya mambo haya ni mepesi. Kipindi kimoja cha Peppa kinachukua dakika 5 tu. Waliokibuni, Neville Astley na Mark Baker, walikuwa kikundi kidogo, na walikilenga kwa watoto ambao hawajaanza shule. Mtoto wa umri huo hahitaji kujua mji unaendeshwaje. Anahitaji sura anayoitambua mara moja, na sura ya Miss Rabbit anaifahamu. Peppa naye hakui kwa sababu watazamaji wake wanakua na kuondoka, na kila mwaka wanakuja wengine wa miaka 3 na 4 wanaotaka rafiki wa rika lao. Biashara nayo imo. Mwaka 2019 kampuni ya vinyago ya Marekani, Hasbro, ilikubali kulipa takriban dola bilioni 4 kuinunua kampuni iliyokuwa inamiliki Peppa. Mdoli wa nguruwe wa miaka 4 unauzika. Wa msichana wa miaka 25 anayetafuta kazi, hatudhani.

Kasoro za namna hii hazimdhuru mtoto. Tena zinamnoa, kwa sababu anayeuliza kwa nini nguruwe anafuga samaki ameshaanza kupima anachoambiwa. Mwacheni aulize, na mkishindwa kumjibu chekeni pamoja naye.

Zipo kasoro za aina nyingine ambazo mtoto hazioni wala haziulizii, kwa kuwa zimekaa kimya ndani ya hadithi kama jambo la kawaida. Hizo ndizo zilizotufanya tuandike.

Mkanda ambao haukuwepo

Vipindi vya mwanzo vya Peppa vilionyesha familia nzima ikisafiri kwa gari bila mtu hata mmoja kufunga mkanda wa usalama. Wachoraji labda hawakuliwaza. Wazazi waliliona, wakalalamika, na watengenezaji wakakubali. Walitangaza kwamba vipindi vitakavyofuata vitaonyesha mikanda, na kwamba sehemu husika za misimu miwili ya kwanza zitachorwa upya. Hata baadhi ya vipindi vya zamani vilivyoonyesha watoto wakiendesha baiskeli bila kofia ngumu vilirekebishwa.

Hakuna aliyeagiza mchoro mwingine kwa sababu ya samaki na kobe. Walichora upya kwa sababu ya mkanda. Wenyewe wanajua ni kasoro ipi ya kuchekea na ipi inaweza kumtoa mtoto kwenye kiti. Kwetu, ambako mtoto hupakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wazima wawili na kichwa kikiwa wazi, kofia ya baiskeli ya Peppa inastahili kuonyeshwa kwa kidole: "Unaona amevaa nini?"

Daktari anayefika kwa kikohozi

Desemba 2017, jarida la kitabibu la Uingereza linalojulikana kwa kifupi kama BMJ lilichapisha makala ya daktari wa kule, Catherine Bell, kuhusu daktari wa katuni hii, Dokta Brown Bear. Toleo lile la Krismasi huwa na utani ndani yake, lakini utani wake ulikuwa na ukweli. Dokta Bell alichambua matibabu matatu. Katika la kwanza mtoto ana vipele usoni. Daktari anawaambia wazazi kwa simu kwamba si jambo kubwa, kisha anakwenda nyumbani vilevile. Katika la pili mtoto amepata mafua muda mfupi tu baada ya kucheza nje, na daktari anapigiwa nje ya saa za kazi. Katika la tatu mtoto amekohoa mara tatu shuleni, daktari anakimbia kuja, na mwishowe kila mtu pale anapewa dawa.

Swali la Dokta Bell lilikuwa hili: je, mzazi wa Uingereza anayetazama haya na mwanawe kila siku hataanza kudhani kwamba kila kikohozi kinahitaji daktari na chupa ya dawa? Kule kwao madaktari wa familia wamelemewa, na kumfuata mgonjwa nyumbani ni kwa yule asiyeweza kutoka.

Kwetu swali linageuka. Hakuna daktari anayekuja nyumbani kwa simu moja, kwa hiyo hatari ya kumsumbua haipo. Hatari iliyopo ina sura mbili. Ya kwanza ni dawa. Katika katuni, mtoto akikohoa anapewa kijiko na anapona papo hapo, na hakuna anayepima wala kuuliza. Mtoto akikua na picha hiyo, na mzazi naye akiwa na tabia ya kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani kwa kila mafua, mambo hayo mawili yanakutana vizuri mno. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku kadhaa. Antibayotiki haiyatibu, na kuitumia ovyo kunazoesha vijidudu hadi siku ya ugonjwa wa kweli dawa isifanye kazi.

Ya pili ni kwamba katika nchi ya Peppa hakuna ugonjwa mzito. Homa, vipele na kikohozi vyote vinaisha kabla ya dakika 5. Lakini mtoto anayeishi kwenye eneo la malaria akipata homa, afikishwe zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii mwenye kipimo ndani ya saa 24. Mtoto anayekohoa huku anapumua haraka haraka, au kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani kila avutapo pumzi, apelekwe siku hiyohiyo. Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea mno hata kuamka ni shida, huyo hangoji kupambazuke. Dokta Brown Bear hajawahi kukutana na mgonjwa wa namna hii.

Buibui aliyekatazwa Australia

Kisa kinachotufaa zaidi kimetoka Australia. Katika kipindi kimoja cha msimu wa kwanza, buibui anaonekana chumbani kwa watoto. Peppa anaogopa. Baba yake anamtuliza kwamba buibui ni wadogo sana, hawawezi kumdhuru. Hofu inakwisha, buibui anapewa jina, na anageuka mwenzao wa kuchezea chai. Kwa Uingereza hilo ni fundisho zuri, maana buibui wa kule kwa kawaida hawana madhara, na watoto wengi huwaogopa bure.

Kipindi hichohicho kilipofika Australia, hali ikawa nyingine. Kule kuna buibui wenye sumu kali, wakiwemo wa eneo la Sydney wanaoingia hata kwenye viatu vilivyoachwa nje. Mtoto wa kule hufundishwa kutomgusa buibui asiyemjua. Mwaka 2012, shirika la utangazaji la umma, ABC, lilipokea malalamiko na kuamua kutokionyesha tena. Mwaka 2017 chaneli nyingine ya kulipia ikakirusha, mzazi mmoja akalalamika, nayo ikakiondoa.

Wapo waliocheka, wakisema Waaustralia wamezidisha. Wana hoja kidogo: tangu dawa ya kuzuia sumu ya buibui wa Sydney ilipopatikana mwaka 1981, hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana naye. Hata hivyo, tunaona waliolalamika walikuwa sahihi. Dawa hiyo inasaidia kwa sababu hospitali ziko karibu na wazazi hukimbia mara moja. Na mtoto wa miaka 3 hajui kwamba maneno ya baba wa Peppa yalisemwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hapo ndipo penye shimo lenyewe. Ndani ya katuni hakuna kosa lolote, hadithi imeshikana vizuri. Lakini ikihama nchi, jambo lililokuwa kweli linageuka uongo, na hakuna maandishi kwenye kioo yanayomwambia mtazamaji.

Katuni hii inaonyeshwa katika nchi zaidi ya 180, na haiwezekani wachoraji wa London wajue kila kilichojificha kwenye kila rundo la kuni. Sisi tunajua. Kwetu buibui wengi hawana shida. Anayeumiza ni nge chini ya jiwe, tandu kwenye majani yaliyooza, na nyoka. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, hakimbii mtu anapokaribia. Analala palepale, mnene, ametulia, rangi yake ikifanana na majani makavu. Kwa mtoto aliyezoea wanyama wenye majina na sauti tamu, kiumbe aliyetulia namna hiyo anavutia kuguswa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Wengi wanaoumwa ni wakulima na watoto wa vijijini. Kwa hiyo mtoto akitazama kipindi cha buibui, mzazi aongeze sentensi moja tu: "Kwao hauma. Kwetu hatushiki mdudu wala nyoka, tunarudi nyuma na kuita mtu mkubwa." Asifundishwe kuogopa kila kitu kinachotambaa. Afundishwe kutoshika. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na kuni zisichotwe gizani bila tochi.

Akiumwa na nyoka, mtulize na umzuie kutembea. Mkono au mguu ulioumwa usitikiswe, ufungwe na kijiti kama uliovunjika. Vua pete, bangili na nguo za kubana kabla uvimbe haujaanza. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze saa moja ukitafuta jiwe jeusi. Mbebeni hadi hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Jambo la kufanya leo, kabla ya ajali, ni kumuuliza mganga wa zahanati yenu ni hospitali ipi ya karibu iliyo nayo, kwa sababu si zote.

Peppa asiye Peppa

Limebaki swali moja, na hili halitokani na katuni yenyewe. Mtoto anaweza kukuambia kwamba Peppa aling'olewa meno yote na daktari, au alikunywa dawa ya kufulia. Usimkatalie haraka kwamba ameota. Machi 2017, BBC iliripoti kuhusu video nyingi za YouTube zilizotumia sura ya Peppa na ya wahusika wengine wa watoto kuonyesha ukatili na vitisho. Baadaye mwaka huo ikajulikana kwamba baadhi ya video za namna hiyo zilipenya hadi kwenye programu ya YouTube iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Kampuni ilifuta chaneli kadhaa, lakini kuchora nguruwe bandia ni kazi rahisi, na leo kompyuta inaweza kumchora yenyewe kwa dakika chache.

Video hizo humfikia mtoto kwa njia ya kawaida sana. Ya kweli inaisha, inayofuata inajianzisha yenyewe, na mama yuko jikoni. Za bandia mara nyingi hazina wimbo wa mwanzo, wahusika hupiga kelele tu bila kuzungumza, na jina la chaneli halieleweki. Chaneli halisi ina jina la Peppa Pig pamoja na alama ya tiki pembeni.

Kwenye YouTube, fungua video yoyote na utafute kitufe kidogo cha kuruhusu video inayofuata ijicheze, ukizime. Ukiweza, pakua vipindi vichache ulivyovitazama mwenyewe, kisha zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Bando nalo litapumua. Na ukijaziwa memori kadi kibandani, itazame yote kwanza. Kijana wa pale hujaza alichonacho, na mara nyingi hata yeye hajui kilichomo.